Sola Niliyoikataa Januari

Mpendwa Baba Wekesa,

Nimenunua sola. Najua hapo ungenitazama kwa jicho moja, ungeuliza, "Kwa nani?" na kabla sijajibu ungeuliza tena, "Na nani mwingine amenunua kwake?" Basi tulia nikueleze yote tangu mwanzo. Hapa nyumbani hakuna tena mtu wa kuniuliza maswali kama yako, na nimegundua kwamba mtu asiyeulizwa maswali hajui vizuri amefanya nini.

Ulipoondoka nilinunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku tu, lina kioo mbele na balbu ndani za kutia joto, na mayai hupangwa humo badala ya kulaliwa na kuku. Niliiweka kwenye kile chumba chako cha mbegu. Wewe unawajua watu wetu wa Bungoma, mgeni asipochinjiwa kuku atasema amefukuzwa, kwa hivyo vifaranga vya kienyeji vilikuwa vinaisha kabla havijakauka manyoya. Hata Kitale hapa majirani walikuwa wanakuja kuviulizia getini.

Shida ikawa stima. Mvua za mwisho wa mwaka zilipiga na upepo, nguzo ya umeme ikaanguka kule juu ya barabara, na hakuna aliyekuja kuisimamisha. Niliifunga mashine kwa blanketi. Nikachemsha maji, nikajaza kwenye chupa, nikazipanga kando ya mayai kama mtu anayemkanda mgonjwa. Nilipoamua kuvunja yai moja nione, kifaranga kilikuwa kimekamilika, kina manyoya na mdomo, kimekufa. Nikavunja lingine, hali ni ile ile. Mengine niliyazika bila kuyavunja.

Nikampigia simu mwanao. Wekesa siku hizi yuko Bungoma mjini, ana kibanda cha vipuri vya pikipiki karibu na reli. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali hadi mbwa anatafuta kivuli chini ya debe, akaja nyumbani na kijana aliyevaa shati lenye nembo ya kampuni. Kampuni yenyewe sitaitaja. Walikaa kwenye kochi lako, wakanywa chai, na yule kijana akaanza kunionyesha picha kwenye simu.

"Mama, hii itabeba kila kitu," alisema. "Friji, televisheni, pasi, hata hiyo mashine yako ya mayai. Bili ya stima utaisahau kabisa."

"Na bei?"

Akaitaja polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Baba Wekesa, ilikuwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa wa gredi pamoja na mahindi yote ya msimu. Lakini akasema nisiogope, ningelipa kidogo kidogo kwa simu hadi iishe.

"Nikikosa kulipa?"

"Itajizima tu yenyewe, mama. Ukilipa inarudi."

"Yaani mtu aliye ofisini Nairobi anaweza kuizima taa yangu nikiwa hapa sebuleni?"

Alicheka. Wekesa hakucheka, alikuwa anatazama sakafu. Kisha kijana akasema ofa yenyewe ilikuwa inaisha Ijumaa.

Hapo ndipo nilipoanza kukusikia. Nilikumbuka ile mbegu. Wewe hukupenda niisimulie, lakini sasa huwezi kunikataza. Tulikuwa tumeoana juzi juzi, ukanunua mbegu za mahindi kutoka kwa mtu aliyesema bei yake ilikuwa ya siku hiyo moja tu. Mbegu zilikuwa na rangi nzuri ya kijani. Zilipoota, mstari mmoja ulikuwa mahindi, mstari wa pili ulikuwa huruma. Kumbe ni mahindi ya kawaida ya gunia yaliyopakwa rangi. Tangu mwaka ule hukununua mbegu bila kuomba bakuli la maji. Ulikuwa unatumbukiza punje chache pale pale kaunta, mbele ya mwenye duka, unazisugua kwa kidole gumba, halafu unainua maji kwenye mwanga. Wenye maduka wa Kitale walikuwa wakikuona mlangoni wananung'unika. Mimi nilikuwa nasimama mbali kidogo nikijifanya sikujui.

Na hata hiyo mbegu haikukuanzisha kushuku, ilikuzidisha tu. Siku ya kwanza nilipokuona, katika soko la Bungoma, ulikuja kununua mahindi ya mama yangu. Wengine waliangalia juu ya gunia wakauliza bei. Wewe ulikunja shati, ukatia mkono mpaka kwapani, ukaja na konzi la mahindi yenye unyevu kutoka chini. Mama alikutukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili pia ili usikose kuelewa. Mimi nikacheka. Ukaniambia, "Wewe unacheka kwa sababu ulijua." Mama alikuchukia mpaka ulipoleta mahari, na hata siku hiyo alikuambia utie mkono kwenye chungu uone kama chini kuna nyama.

Basi nilimtazama yule kijana wa sola, nikagundua kitu kimoja. Tangu afike, hakuwa ametoka nje kuangalia paa. Mtu alikuwa ananiuzia jua, na hakuinua macho hata mara moja aone linapopita. Hakuuona mti wako wa mgrevilia ulioupanda Wekesa alipozaliwa, ambao mchana ukiinama kivuli chake kinafunika nusu ya mabati. Hakuuliza mashine ya mayai inakula umeme kiasi gani. Alichouliza ni jina langu lilivyoandikwa kwenye kitambulisho.

Nikamwambia, "Nitakupa jibu Julai."

"Julai? Mama, ofa ni Ijumaa!"

"Mwanangu, jua la Januari mimi ninalo bure. Nataka kuona hilo lako la Julai."

Unaujua mwezi wa Julai wa hapa kwetu, jinsi mawingu yanavyokaa juu ya Kitale kama wageni wasiotaka kuaga, na nguo inakaa kambani hadi inaanza kunuka. Wekesa aliudhika. Alimsindikiza mwenzake hadi barabarani, akarudi amekunja uso.

"Mama, si uchukue tu bana! Unataka mayai yaharibike tena?"

"Kwa nini wewe una haraka kuliko mimi mwenye mayai?"

Akageuka akamfuata mwenzake barabarani. Na swali hilo, Baba Wekesa, lilibaki nami. Nililala nalo na kuamka nalo. Nilianza kumsikiliza mwanangu kwenye simu kama ulivyokuwa unawasikiliza madalali, nikiacha maneno na kushika pumzi. Kila wiki alikuwa na sababu mpya. Mara bei itapanda, mara fulani amechukua, mara kuna mama wa Sirisia ambaye sola hiyo hiyo imembadilishia maisha. Video ya huyo mama nilitumiwa. Amesimama mbele ya nyumba yake, paneli zinang'aa juu, anasema, "Sora imenisaidia sana, wamama wenzangu, msiogope." Alikuwa na uso mzuri. Nikaomba jina lake na kijiji chake. Wekesa akanipa, nadhani akidhani mwanamke wa umri wangu hataenda kokote.

Julai ilipofika nilienda. Nilipitia Chwele, na manyunyu yalinifuata hadi Sirisia. Huyo mama anaitwa Mama Naliaka, naye ni mjane kama mimi, anauza mboga na ndizi sokoni siku ya soko. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu mayi, karibu mama yangu, karibu ndani! Umekuja kuona sora? Sora iko sawa kabisa, hata stima nimesahau inakaa aje."

Nikaketi. Nikaomba maji baridi. Akasema ati friji alikuwa ameizima kidogo aioshe. Nikaangalia ukutani, nikaona alama nyeusi ya moshi juu ya msumari, ile ya koroboi, na ilikuwa mbichi. Nikatoa simu yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha iishe chaji makusudi.

"Mama Naliaka, simu imezima. Naomba uniwekee chaji kidogo."

Aliichukua kwa furaha akaingia nayo ndani. Kupitia dirishani nikamwona ametokea mlango wa nyuma, amejifunika leso kichwani kwa ajili ya manyunyu, anavuka barabara kwenda dukani na simu yangu mkononi. Akarudi mikono mitupu, akaketi, akapangusa miguu.

"Imeanza kuingia," akaniambia. "Inaingia pole pole tu."

"Naona. Imeingia hadi ng'ambo ya barabara."

Alinitazama. Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa leso ile yenye maji, mabega yakawa yanatikisika, nisijue bado anacheka au analia.

"Mayi, usiniseme kwa watu," alisema baadaye. "Ilikuwa nzuri mpaka mvua ilianza. Halafu taa ikawa inawaka kidogo inazima. Halafu betri ikakufa kabisa. Nikipigia hao watu, wananiambia niwaletee wateja kwanza, ndio betri yangu ije haraka. Sasa mimi ningefanya nini? Nikisema ukweli, hawataniletea. Nikisema uongo, pengine wataniletea."

"Na wamekuletea?"

"Bado."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa ameingia kwenye shimo, na waliomtumbukiza walikuwa wamemwambia atatoka akivuta mwingine. Alinichemshia chai kwa kuni, akaniwekea ndizi zilizochomwa. Nikamuuliza kama anamjua kijana mrefu wa Bungoma anayeitwa Wekesa.

"Huyo? Alikuja na mtu wa kampuni wakati wa jua. Taa zote zilikuwa zinawaka, akafurahi sana. Ni mtoto wako?" Akasita, akalainisha sauti. "Nilisikia tu yule mwenzake akimwambia, 'Mama yako akichukua, na wewe utapata yako.'"

Niliirudisha ndizi kwenye sahani.

Sikumpigia simu. Wewe ulikuwa unasema mtu anayearifiwa kwamba unakuja hupanga maneno kama anavyopanga viti. Nilienda moja kwa moja hadi kwenye kibanda chake karibu na reli, nikamkuta amechuchumaa anamtafutia mtu wa boda mnyororo. Aliponiona alisimama, mikono imejaa grisi, akajua. Nilimngoja amalize na mteja wake. Sikutaka kumwaibisha mtoto wako mbele ya watu.

"Wekesa, kwenye hii sola wewe unapata nini?"

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Waliniahidi kitu kidogo, mama. Ukichukua."

"Kwa hivyo nilikuwa mteja wako."

"Si hiyo tu."

"Kuna nini kingine?"

"Ile siku mayai yalikufa, ulinipigia simu ukanyamaza. Unakumbuka? Hukusema chochote. Nilikuwa nasikia tu unapumua. Nikaogopa, nikadhani na wewe unaenda kama baba." Alikuwa anaongea na kile kitambaa. "Nikaona heri ununue hiyo kitu, hata kama ni bei, usiwahi kunipigia hivyo tena. Halafu huyo jamaa akasema ataniongeza na kitu kidogo juu. Sikukataa. Ningekataa aje, mama? Biashara ni mbaya."

Nilisimama pale, pikipiki zinapita, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilikukasirikia kwa kutokuwepo. Ungeamini lipi? Mimi nilijua yote mawili ni kweli. Kijana alikuwa ananipenda na alikuwa ananiuza, katika sentensi moja. Ulinifundisha kutia mkono hadi chini ya gunia, lakini hukunifundisha la kufanya ninapokuta mahindi makavu na yenye unyevu kwenye konzi moja, na gunia lenyewe nimelizaa mimi.

Nikamwambia tu, "Jumamosi uje Kitale. Utanibebea mashine."

Akaja. Hakuuliza mashine inaenda wapi. Tulienda mjini kwa Bi Zuhura, yule wa duka la redio na betri karibu na msikiti. Wewe ulikuwa ukinunua kwake betri za tochi, na hata hizo ulikuwa ukizijaribu kwanza. Siku hizi anauza paneli pia. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, kile kijivu cha sufuria ya zamani. Nikamwambia nataka sola ya friji, televisheni, pasi na mashine ya mayai.

"Sikuuzii," alisema Bi Zuhura.

Kumbe kuna jambo linaloweza kunitia shaka kuliko mtu anayetaka pesa zangu, nalo ni mtu anayezikataa. Nikamuuliza ana mpango gani.

"Mpango wangu ni huyo." Akanyoosha kidevu kumwelekea mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amefunga mikono. "Nilimuuzia kikubwa, akafungia na pasi na heta ya maji. Betri ikafa. Sasa kila siku anakuja kunikalia hapo hadi wateja wanaogopa kuingia. Sitaki wa pili. Vitu vya joto vinamaliza betri. Friji na pasi ziache kwenye stima. Mashine yako ni ndogo, hiyo tunaweza."

"Na betri itakaa muda gani?"

"Itakufa," alisema bila kupepesa. "Si mwaka huu wala ujao, ukiitunza. Lakini itakufa, nawe utanunua nyingine. Jua ni la Mungu, mama, hilo halina bei. Mimi ninachokuuzia hasa ni betri."

Yule kijana wa kampuni, kwa chai yote aliyokunywa, hakuwahi kuniambia kwamba betri hufa.

Hata hivyo sikulipa. Nilimwambia Wekesa aiweke mashine pale barazani, na fundi wa Bi Zuhura akainue paneli nje chini ya yale mawingu, waunganishe, tukae tuone. Bi Zuhura alishangaa, kisha akaagiza kahawa. Tulikaa tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Watu wa boda walisimama kutuchungulia. Mmoja akauliza, "Niaje, mnapika nini kwa hiyo glasi?" Wekesa alitamani ardhi impokee, lakini hakuondoka. Mimi niliangalia kipimajoto kama ulivyokuwa ukiangalia mizani ya watu. Sindano haikushuka. Nilipoona haishuki nikaanza kushuku kipimajoto, nikaomba kingine cha dukani kwake, kikasema vile vile.

Basi tulinunua hicho kidogo, cha mashine na taa za nyumba tu. Niliuza majogoo, Wekesa akaongeza cha kwake bila mimi kumwomba. Stima nimeiacha pia, sijaikata. Nimewauliza watu wenye akili kama sola inarudisha gharama yake, na kila mmoja ana jibu lake. Langu ni hili: kwa nyumba nzima, hapana, si kwa mawingu yetu na si kwa mfuko wangu. Kwa mayai, ndiyo.

Na kuna gharama moja ambayo hakuna muuzaji aliyeitaja. Fundi alipopanda juu alisema tawi la mgrevilia linalolalia paa lazima liondoke. Nililikata. Ni tawi moja tu, lile la upande wa magharibi ulilokuwa unatundikia redio. Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nilikaa jikoni likikatwa, sikutaka kuona.

Mwezi huu wa Agosti mvua ya mawe ilipiga mchana. Wekesa alikuwa amekuja kunisalimia, siku hizi anakuja mara nyingi. Tukasikia kinu cha kusaga cha jirani kinapunguza sauti, kinapunguza, kikanyamaza. Watoto wa upande wa pili wakapiga kelele kwamba stima imepotea. Tulikimbilia chumba cha mbegu. Balbu za mashine zilikuwa zinawaka, zimetulia kabisa kama hazijasikia habari. Na kwenye trei ya chini yai moja lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa mdomo ulikuwa unagonga.

"Mama," Wekesa alinong'ona, "sasa unaamini?"

"Naangalia."

Akacheka. Akavuta kile kiti kifupi akaniwekea, yeye akakaa sakafuni, na tukaangalia pamoja hadi mvua ilipoisha, yai moja baada ya jingine likifunguka. Hakuna aliyewasha redio wala kushika simu.

Mama Naliaka bado hajaletewa betri. Nilimpelekea vifaranga vichache, nikamwambia aache kusema mbele ya kamera, akasema atajaribu. Yule kijana wa kampuni alinipigia tena ana ofa mpya, nayo inaisha Ijumaa.

Ninachokosa, Baba Wekesa, si mashaka yako. Hayo uliniachia ya kutosha. Wakati ulipokuwepo tulikuwa tumegawana kazi bila kujua: wewe ulishuku dunia, mimi nikaiamini, na nyumba ikasimama katikati. Uliponiachia zote mbili nikashindwa kuzibeba, nikaitupa ile ya kuamini. Siku ile ya mvua, nikimtazama mwanao sakafuni amefurahi kwa kila kifaranga, bila kuhesabu na bila kuuliza, niliona ameiokota. Nimemwachia aibebe. Hii nyingine, ya kushuku, nitaendelea nayo mimi.

Lala salama huko uliko, na usimsumbue mtu kwa maswali.

Ni mimi mkeo,
Mama Wekesa,
hapa nyumbani, Kitale.